Papa wa Birika la Uani

Mwanangu Zuhura,

Dereva wa lori akikukabidhi barua hii usianze kuisoma. Geuza bahasha kwanza. Nitaibandika kwa uji wa muhogo, na ndani ya uji huo nitalaza unywele mmoja mweupe wa kichwani kwangu. Kama unywele haupo, au umekatika, ujue kuna mtu ameifungua kabla yako, na uanze kumtafuta miongoni mwa wale mliopanda nao lori.

Najua umecheka. Marehemu mama yako naye alikuwa akicheka hivyo hivyo, kisha ananyamaza, na kimya chake ndicho nilichokiogopa.

Umekwenda kwa shangazi yako kuaga. Alasiri imeshaswaliwa, jua bado liko juu ya ukuta wa ua, nami nimeketi kwenye ukingo wa birika la saruji, hili ambalo sasa unaotesha mchicha ndani yake. Mara mbili nimeinuka kutazama kama hujarudi ukasimama nyuma ya mlango. Kuinuka si kazi ndogo. Pumzi inanikatikia kila mistari mitatu, na mguu wangu huu uliovimba, ukiubonyeza, kidole kinaacha shimo. Wewe ni muuguzi. Juzi uliubonyeza, ukanitazama, kisha ukasema utaniandikia kila juma. Mimi nimesoma vya kutosha kujua maana ya shimo lile.

Kwa hiyo ya kuchemsha maji, ya chandarua na ya kuwaamkia wazee wa Mitole, unakokwenda kuanza kazi, nayaacha. Hayo unayajua, na usiyoyajua utafundishwa na wenyeji. Nina jambo moja tu. Barua yako ya kazi ilipofika mwezi uliopita nilikuambia, "Huko yuko Mfaume. Usile kwake." Ukaniuliza kwa nini. Nikasema, "We jihadhari tu."

Leo nakuambia kwa nini.

Mfaume alikuwa jirani yetu hapa Kivinje, ukuta kwa ukuta. Alikuwa mvuvi wa madema, ile mitego ya kusuka ya samaki, hakujua kusoma, na mguu wake wa kulia haukuwa na kidole kidogo. Tumbawe lilikikata akiwa kijana. Mkewe ni Bi Somoe, yule aliyekuwa akikusuka nywele. Nadhani hao unawakumbuka, ingawa nimefanya bidii uwasahau.

Ulikuwa na miaka minane. Asubuhi moja Mfaume aliingia uani ameshika kitu cheusi, kipana kama kiganja cha mtu mzima, chenye nyuzinyuzi kama za kumbi la nazi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Hiki kilijinyonga kwenye dema langu. Yai la papa. Wenzangu hutupa, lakini nikasema Zuhura akione."

Ulilishika, ukaliinua kuelekea kwenye jua, ukasema kuna kitu kinacheza ndani.

"Basi mleeni," Mfaume akasema. "Akinenepa tutamtia chumvi."

Ukamrushia kandambili. Akaikwepa, akaiokota, akakuvalisha.

Ndivyo tulivyoanza. Birika hili lilijengwa na mfanyabiashara aliyeimiliki nyumba kabla yetu, la kukingia maji ya mvua, nalo lina urefu wa vitanda viwili. Nilikuwa na kitabu kimoja cha viumbe vya bahari tangu nilipokuwa chuo cha ualimu. Kilionya kwamba maji ya chumvi na madini kama chuma na shaba hayakai pamoja. Basi niling'oa bomba la chuma nikaziba tundu lake, nikaliloweka birika kwa maji ya bahari na kuyamwaga mara nne, mpaka ukali wa saruji ukaisha. Chini nilitandaza mchanga laini, maana papa wa aina ile hulala kwa tumbo, na mawe yangemchuna. Nusu ya juu tuliifunika kwa makuti apate kivuli.

Chumvi tuliipima kwa kichupa cha dawa. Nilikitia mchanga kidogo nikakiziba kwa nta, nikakiacha kielee baharini, mbali na mlango wa mto, na pale maji yalipofika nikachora alama. Jua likinyonya maji ya birika, kichupa kilipanda, nasi tukaongeza maji ya kisima. Mvua ikinyesha kilizama, tukajua maji yamepoa chumvi. Hewa niliitoa kwenye mpira wa ndani wa baiskeli. Nilikuwa nikiujaza kwa pampu, kisha nikiuachia upumue taratibu chini ya maji kwa kijitete chembamba, mrija wa unyasi. Kazi yako ilikuwa kuchota kwa kibuyu kilichotobolewa na kunyunyiza kutoka juu, kama mvua. Ulikuwa ukihesabu vibuyu kwa sauti, ukifika arobaini unaanza tena moja kwa sababu arobaini na moja hukuipenda.

Na maji mapya, kila siku ya tatu, tulibadilisha sehemu moja kati ya tano. Aliyeyaleta ni Mfaume. Aliyachota kwa mitungi nje ya mwamba, maji yakiwa yamejaa na safi, akayabeba mpaka hapa, na hakuwahi kupokea kitu zaidi ya chai.

Papa alipotoka yaini alikuwa mrefu kama mkono wako kutoka kiwiko hadi vidoleni, mweusi mwenye milia myeupe. Siku nyingi hakula. Nikaogopa, nikataka kumfungua kinywa kwa nguvu.

"Mwache, Mwalimu," Mfaume akasema. "Bado ana chakula cha mamaye tumboni. Hata wewe ulipozaliwa hukudai ugali."

Alisema kweli. Siku moja papa alinyakua kipande cha ngisi kwenye ncha ya kijiti, ukapiga kelele mpaka Bi Somoe akachungulia ukutani. Ukampa jina la Ndugu, kwa sababu miaka ile kila mtu alikuwa ndugu, ukaona si haki yeye peke yake abaki bila cheo. Tulimlisha mara tatu kwa juma, kidogo, na kila alichokiacha tulikitoa kabla hakijanuka. Tukamtilia na wenzake: kamba hai kumi na kitu wa kuokota makombo, na chewa wawili wadogo kama vidole gumba. Wakumbuke hao chewa.

Sasa nakuja kwenye ugonjwa wangu.

Watu walianza kuja kumtazama Ndugu, na mimi nikaanza kuwatazama watu. Yule aliuliza anakula nini; nikajiuliza anataka kujua kwa nini. Mwingine alisema, "Mwalimu, samaki wako anakula kamba, sisi tunakula dagaa," nikakumbuka maneno yale ndiyo yaliyokuwa yakisemwa juu ya wanyonyaji. Miaka ile neno kama hilo lilitosha kumfukuzisha mtu kazi. Kisha katika mkutano kwa balozi wetu wa nyumba kumi, palipokuwa pakisemwa nani atabaki pwani katika kikundi cha uvuvi na nani atakwenda bara kuanzisha kijiji cha ujamaa, Mfaume alitania: "Mwalimu tusimwandike popote. Yeye ana mfanyakazi wake baharini, mimi hapa."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Niliporudi nyumbani niliyageuza maneno yale kama mtu anayetafuta mwiba katika samaki, na atafutaye mwiba hakosi. Kwa nini alete maji bure? Kwa nini alete yai mwanzoni? Nikaanza kutandaza majivu membamba mlangoni pa ua, chini ya paa, kila tunapotoka, wewe kwenda chuoni kwa Maalim kusoma Kurani, mimi shuleni na mama yako shambani, ili nione nani ameingia. Mama yako aliona. Akasema, "Baba Zuhura, majivu yatakuonyesha nyayo. Nia utaisoma wapi?" Nikamwambia haelewi siasa.

Ikaja mvua ya masika, mvua isiyokatika. Mto ukatapika matope, bahari ya hapa ikawa ya kahawia, na kichupa changu, hata kilipoelea kule nje kwenye mwamba, kilizama kupita alama. Nilikuwa nimetarajia. Kabla mvua haijashika, Mfaume alinishauri tuweke akiba ya maji safi, na nilikubali ushauri, ila sikutaka mitungi yake ikae uani kwangu. Niliyamimina maji yote katika sufuria kubwa ya shaba ya shangazi yako, ile ya kupikia shughuli, nikaifunika kwa ungo. Nilijua ndani imepakwa bati, kama sufuria zote za biriani. Lakini fundi wa kupaka bati aliyekuwa akizunguka Kivinje alikuwa hajaonekana kwa muda mrefu, na mimi, niliyekuwa nikikagua nyayo za binadamu kila jioni, sikuinamisha kichwa kutazama ndani ya sufuria.

Maji yalikaa humo siku nne. Ya tano niliyatia birikani.

Kesho yake, tuliporudi wewe kutoka chuoni na mimi shuleni, kamba wote walikuwa wamelala, wekundu. Ndugu alikuwa akiogelea juu, kinywa nje, akijipinda kama anayewashwa. Ulinyunyiza vibuyu, ukapita arobaini na moja bila kusimama. Saa ya alasiri alilala ubavu juu ya mchanga, na milia yake ikaanza kufifia.

Chewa wawili walikuwa hai. Walikuwa wakimzunguka.

Nilikwenda mlangoni kutazama majivu. Palikuwa na nyayo za mtu mzima, za kuingia na kutoka, na mguu wa kulia una vidole vinne.

Zuhura, nimekuwa mwalimu wa sayansi maisha yangu yote. Nilifundisha watoto watazame kwanza, waamue baadaye. Siku ile niliamua, ndipo nikatazama. Nilikwenda nyuma ya choo cha Mfaume nikaona mche wa utupa, ule ambao majani yake yakitwangwa na kutiwa kwenye dimbwi huua samaki. Ulikuwa umeota pale kama ulivyoota nyuma ya vyoo vya nusu ya Kivinje. Nikachuma tawi moja, nikaenda nalo kwa balozi. Uvuvi wa utupa ulikuwa umekatazwa, na aliyekamatwa nao alikuwa adui wa kijiji. Balozi akaitisha mkutano keshokutwa yake, alasiri.

Asubuhi ya siku ya mkutano niliamua kuisugua sufuria nimrudishie shangazi yako. Nikalimwaga tope la chini, nikaiinamisha kwenye mwanga. Ndani ilikuwa nyekundu tupu. Bati lilikuwa limekwisha, na pale maji yalipokuwa yamefika palizunguka ukanda wa kutu ya kijani.

Niliketi hapa hapa nilipoketi sasa. Hakuna nilichohitaji kukisoma. Utupa huua samaki wote, wakubwa kwa wadogo, na kamba huwaacha. Shaba huanza na kamba, kisha papa, na chewa wagumu hustahimili. Birika lilikuwa limeandika jibu tangu siku ya kwanza.

Bado saa nyingi zilikuwa zimebaki. Ningeweza kwenda kwa balozi nikasema, "Nimekosea." Unajua nilichofanya? Nilichukua mtungi, nikawachota wale chewa, nikawapeleka mikokoni nikawamwaga, kisha nikalikausha birika. Niliogopa mtu asije akaingia uani akawaona. Nilikuwa nimeshamtaja mtu mbele ya watu, nami ni mwalimu, na nilihisi kama nikirudisha neno langu siku ile sitapata tena neno la kusema.

Ulitoka chuoni ukakuta birika kavu. Ukauliza, "Baba, chewa wako wapi?"

Nikasema, "Wamekufa."

Ukasema, "Asubuhi walikuwa wakicheza."

Nikakuambia ukaoge.

Mkutanoni Mfaume alisimama na kofia mkononi. Balozi akamuuliza kama aliingia uani kwangu. Akasema ndiyo, aliingia, alikuja na kamba katika kifuu kuwalisha wale samaki kwa sababu sisi hatukuwapo na yeye alikuwa amepata wengi. Watu wakaguna. Balozi akanigeukia. Alikuwa mtu mwangalifu, balozi yule, na aliniuliza swali moja tu.

"Mwalimu, na samaki wengine je?"

"Wote wamekufa."

Mfaume akanitazama. Hakukasirika. Alikuwa kama mtu aliyesikia vibaya na anangoja urudie. "Mwalimu," akasema, "juzi niliwatupia makombo, chewa wote wawili walikula. Na huyo papa alikuwa juu juu tayari, nikasema nikuambie ukirudi."

Mmoja akasema nyuma, "Sikilizeni, muuaji anataja hata walichokula." Wakacheka. Kila wema aliousema ulimfunga zaidi, maana ulithibitisha kwamba aliingia, na mimi nilikuwa nimenyoosha mgongo na tawi langu la utupa mapajani.

Jina lake likatolewa katika kikundi cha uvuvi. Ngalawa yake ikabaki na kikundi. Yeye na Bi Somoe wakaandikwa wa kwanza kwenda Mitole kulima. Siku ya lori alipanda akiwa na dema moja kichwani, akakataa kuliacha. Nilisimama mlangoni, maana kutokutoka kungeonekana vibaya. Bi Somoe aliniona, akasema kutoka juu ya lori, kwa adabu zake zote, "Mwalimu, tuombee. Dema hili tutategea kuku."

Ulitaka kumkimbilia. Nilikushika kwapa. Nadhani alama ya vidole vyangu ilikaa siku mbili.

Huenda yaliyobaki unayakumbuka vizuri kuliko mimi. Kila mwaka kabla ya Ramadhani kulikuja kifurushi kutoka Mitole, mtama au choroko au chupa ya asali, kikiwa na salamu za mdomo tu za dereva: "Mfaume anasema mfuturu." Nami nilianza kuwatupia kuku kwanza, nikangoja siku mbili. Mwaka wa nne uliniambia, "Baba, kuku hawafi. Wananenepa." Mama yako akaondoka mezani. Alijua? Sikuwahi kumuuliza, na yeye alikufa bila kuniambia. Nilikuwa nikimtazama anapolala nikijaribu kusoma usoni mwake anachokijua, na sasa naona kwamba mwanamke yule aliishi miaka yake ya mwisho akichunguzwa kama mwizi ndani ya nyumba yake.

Na wewe pia. Hili ndilo gumu kuliko mengine. Tangu siku ile ya chewa nimekushuku. Ulipokaa kimya nilisema anakumbuka. Ulipocheka nilisema anaficha. Ulipochagua uuguzi badala ya ualimu nilisema ananikimbia. Ulipofaulu nilikupongeza huku nikijiuliza utamwambia nani. Baba wengine huwahesabia binti zao wachumba. Mimi nilikuhesabia maneno. Kama uliwahi kuhisi katika nyumba hii kwamba umefanya kosa usilolijua, hukuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, nawe ndiwe uliyekuwa shahidi.

Ile sufuria iliyofunikwa chini ya kitanda changu, uliyoniuliza mara nyingi kwa nini haipikiwi, ndiyo hiyo. Shangazi yako nilimwambia imeibiwa. Kwa hiyo kuna kijana mmoja wa mtaa wake ambaye hadi leo haingii kwake bila kuangaliwa mikono. Unaona jinsi uongo huu ulivyozaa.

Sitakupa maonyo marefu. Unakwenda zahanati ya kijijini. Siku moja mtoto atakufia mikononi, na kabla hajapoa mtu atakunong'oneza jina la jirani. Wewe mwenyewe utatamani liwe kweli, kwa sababu utakuwa umechoka na utakuwa na hofu kwamba ni kipimo chako cha dawa. Siku hiyo nenda kwanza ukatazame ndani ya sufuria yako. Uinamishe kwenye mwanga. Ukikuta nyekundu, sema siku hiyo hiyo. Siku ya pili ni ngumu mara mbili, na mimi nimefika mahali ambapo hesabu hiyo siwezi tena kuifuata.

Nilitaka kwenda mwenyewe. Kila mwaka nilisema mwaka ujao, na sasa mguu umeniamulia. Nakuomba basi ufanye ambalo mzazi hapaswi kumwomba mtoto. Mfaume hasomi. Ukifika Mitole, msalimie, kisha umwombe mwenyekiti wa kijiji awaite watu, umsomee barua hii mbele yao, kwa sababu nilimchafua mbele ya watu. Soma yote, hata ya kuku. Kama ametangulia mbele ya haki, msomee Bi Somoe. Kama hawataki kusikia, usiwashikilie. Waachie karatasi hizi. Na wakikukaribisha chakula, kula.

Sijui wataonaje. Hata sasa roho yangu ya zamani inaniambia kwamba watakugeuzia wewe chuki yao juu yangu, kwamba nakutuma kwenye mtego. Imekuwa ikiniambia hivyo kwa miaka kumi na miwili na haijasema kweli hata mara moja. Naisikia, lakini leo siifuati.

Nasikia mlio wa kandambili zako njiani. Unatembea haraka, shangazi yako lazima amekubebesha kitu kizito.

Mwanzoni nilikuambia utafute unywele. Usiutafute. Uji wa muhogo nimewamwagia kuku, na bahasha naiacha wazi. Dereva akitaka kusoma, asome. Lori zima likisoma ni heri, safari ni ndefu.

Lile ganda la yai nililihifadhi. Limo ndani ya bahasha, limekauka lakini nyuzi zake bado zipo. Mpe Mfaume. Na ukimaliza kusoma, pengine atatokea mtu wa kuuliza swali lile lile la balozi, kwamba samaki wengine je. Mjibu kwa niaba yangu. Chewa wawili walikuwa hai. Niliwabeba mwenyewe katika mtungi, na walikuwa wakipiga mikia njia nzima.

Ni mimi,
Baba yako